Barua ya wazi kwa wakubwa wa redio ya taifa: mutupe siku moja kwa saa ya huku kwetu

Jambo yenu wakubwa.

Mi ni fundi wa redio huku Lubumbashi, mu Kongo, komini ya Kenya (ni mutaa wa muji, siyo ile nchi), kibanda changu kiko karibu na soko, meza moja, chuma ya kuchomelea, sanduku ya spika za zamani na waya ya antena yenye nilifunga ku muti wa embe wa jirani bila kumuomba (alishaona, ananyamaza juu namutengenezea redio yake bure). Siko mutu wa politiki, sina chama. Tu kazi yangu inaniomba nisikilize redio toka asubui mpaka giza, juu kila redio nikimaliza kuifunga lazima niizungushe mpaka ikamate kitu, njo mwenyewe anaamini imepona na anatoa feza. Na karibu wote wakisimama pale mbele ya meza wananiambia neno moja, tafuta Swahili. Kwa hiyo sijisifu nikisema mu mutaa wetu hakuna mutu anasikiaka redio kunipita.

Nawaandikia juu ya kitu kimoja, saa.

Munajua vizuri kama nchi yetu iko na saa mbili. Kinshasa ikiwa 6h siye huku ni 7h. Kinshasa iko pamoja na Kongo Central, Bandundu ya zamani na Ekwateri ya zamani, ukihesabu unapata mikoa 10. Ile ingine yote, Katanga yote ya zamani, Kasai zote, Kivu mbili, Maniema, upande wote wa Kisangani mpaka Bunia, yote inafuata saa ya Lubumbashi, ni mikoa 16 juu ya 26. Nilihesabu kwa vidole mara mbili juu nilizani nimekosea. Ni kusema mikoa mingi ya hii nchi haiko mu saa ya mji mukuu, na jua lenyewe linakubali, linatutokea siye karibu dakika 50 mbele ya kufika kwenu, hiyo si mambo ya ukabila, ni dunia njo inazunguka hivyo. Na hapo sijagusa ndugu zetu wa Bukavu wenye wakisema saa moja ya asubui wanataka kusema 7h, ukiweka ile pamoja na ya Kinshasa unakuta asubui moja iko na saa tatu na chai bado haijaiva.

Mama yangu, marehemu, alikuwa na saa ya ukuta yenye ilikuwa inachelewa kila juma, na kila Jumamosi alikuwa anairudisha kwa kusikiliza redio. Mara moja ile ya siku zote ilikuwa kimya, akazungusha akakamata redio ingine ya mbali, mutangazaji akataja saa, mama akapanda ku kiti akapanga mishale sawasawa. Kesho yake alikuwa na safari ya Kasenga kwenda kuchukua samaki, kamio inatoka 5h. Akaamka kwa amani, akaoga, akafunga vitunga vyake, akafika pale ya kamio akakuta alama za matairi tu na mbwa mumoja. Saa moja nzima ilikuwa imempita. Baba alicheka wiki mbili, mama hakucheka hata kidogo juu feza ya ile juma ilikuwa imekwisha mu nauli yenye alikwisha kulipa. Ile redio haikumudanganya. Ilisema saa ya kweli, tu haikusema ni ya wapi.

Mutaniambia sasa watu wote wako na telefone, saa inajipanga yenyewe. Ndiyo, nakubali. Lakini siongelee mishale ya saa, naongelea siku. Mutu wa programu akikaa Kinshasa na akapanga kama emisio ya wenye kuamka mapema itaanza 5h, huku itaingia 6h, na 6h ya Lubumbashi mwenye kuamka mapema alishatoka zamani, iko ku njia, redio imebaki mu nyumba inaongelesha ukuta. Jioni ni vilevile kwa upande mwingine, jurnali ya 20h kwenu inatukuta 21h, watoto wamelala, umeme wa ile siku pengine umeshaenda, baba anasikia kichwa cha habari ya kwanza na ya pili anaisikia mu ndoto. Ni sawa mutu mwenye anakupikia chakula kizuri kabisa lakini kila siku anakiweka mezani ukiisha kuondoka. Hauwezi kusema hakupika.

Kwa hiyo tunaomba siku moja. Siyo mwaka, siyo mwezi, siku moja ya kujaribu. Tarehe 7 mwezi wa 7, ile siku UNESCO iliichagua mu 2021 kuwa ya Kiswahili duniani. Kila mwaka ile tarehe ikifika kuko hotuba, kuko mapicha, kuko mutu mwenye kofia ya Zanzibar hajafika Zanzibar hata mara moja, na kesho yake kila mutu anarudi ku zake. Pahali pa hotuba mutupe redio. Toka 4h30 ya asubui mpaka usiku wa manane, redio ya taifa iongee Swahili, na iongee kwa saa ya mashariki, na ibadilishe vitu vyake mu siku vile mutu wa huku anabadilisha kazi zake mu siku. Katiba ya 2006 mu artikle ya kwanza kabisa inasema Kikongo, Lingala, Swahili na Tshiluba njo luga za taifa, na kama Serikali inapashwa kuzisukuma mbele bila kubagua. Siko mwanasheria, lakini artikle ya kwanza ni ile yenye hata mutu mwenye kuchoka kusoma anafikia.

Sasa niwaambie ile siku naiona namna gani, juu mutu akiomba bila kusema anaomba nini wanamupa kitu kingine.

4h30. Ni mwezi wa 7, ni baridi, wenye hawajafika Lubumbashi mu ile miezi wanazani Kongo yote ni joto. Mbabula iko mulangoni, makala bado inatoa moshi. Wenye wako macho ile saa nawajua: ba mama wenye wanaenda kuchukua bidhaa kwa bei ya jumla, vijana wa mikate na kinga (baiskeli) zao, ba shofere, na sentinele, mulinzi wa usiku, mwenye anamaliza kazi. Hawa hawahitaji muziki wa kuruka na hawahitaji mutu wa kuwafokea, hata kama ni kwa jina la Mungu. Wanahitaji bei. Bunga ya mahindi ni ngapi leo, kwa mufuko na kwa meka, kile kipimo kidogo cha soko, juu kuko mama mwenye hawezi kununua mufuko, ukimusomea bei ya mufuko peke yake ni sawa umemusomea bei ya ndege. Mahindi yetu nyingi inapita Kasumbalesa, inatoka Zambia, na mwaka 2024 ukame ulipopiga Zambia tuliona wenyewe namna bukari (ugali) inaweza kuwa chakula cha mutajiri. Basi muweke mutu pale mpakani, mutu mumoja na telefone, saa 5h15 aseme kamio zimepita ao zimefungwa, foleni iko wapi, mahindi imeshuka ao imepanda. Dakika tatu. Kisha mutu wa soko kubwa dakika tatu, kisha makala, kisha samaki wa Kasenga kama wamefika. Mama akisikia ile mbele ya kutoka anajua kama achukue feza yote ao abakize kidogo ya shule. Nimeshasikia emisio nyingi zenye zinaitwa za uchumi, mara nyingi ni ba tata wawili wa kravati wanaongelea asilimia, na hakuna hata mumoja anataja meka.

Jurnali ya asubui iwe fupi, ipite.

Kisha makominike, na hapa naomba mukae kidogo pamoja na mi, juu najua mu stidio kazi ya kusoma makominike wanaipatiaka kijana mwenye ameanza kazi jana. Wakubwa, huku kwetu tangazo la kilio njo jurnali. Fulani amekufa, kilio kiko ku avenue fulani, mutaa fulani, ndugu wa Kipushi, wa Likasi, wa Kolwezi, wa Kamina wajulishwe. Mi naona watu ku soko, redio ikianza kutaja majina ya wafu, hata mwenye alikuwa anabishana bei ya nyanya anasimamisha mukono juu. Jina likisomwa mbio, ao likisomwa vibaya na mutu mwenye hajui kutamka majina ya huku, kuko nyumba yenye itakosa kuzika mutu wao. Naomba yasomwe polepole, mara mbili, na saa ya maziko isemwe na ni saa ya wapi (munaona, narudi kulekule). Na katikati ya majina muache kimya kidogo. Musiweke muziki chini. Mutu mumoja aliniletea redio akasema inakwaruza, nikaifungua, haikuwa na kitu, ilikuwa tu muziki wenye wanauweka chini ya majina ya wafu kwa redio moja yenye siitaje.

Toka 9h mpaka 12h ya muchana ni saa za ba mama wenye wamebaki nyumbani na za siye wa vibanda. Daktari aje aongee, lakini daktari mwenye anaweza kusema kuhara na kutapika bila kuficha mu Kifaransa, kolera huku Katanga si hadisi, ba mama wako na maulizo ya maji na ya ndoo, wapige simu wamuulize direkti. Wakulima wapate nusu saa, na iwe mambo ya mwezi wa 7: bustani za kando ya mito, lengalenga, shu (kabichi), na moto wenye watu wanauwasha mu pori mpaka unakula shamba la jirani. Tusisikie namna ya kupanda mahindi mu mwezi wa 7 wakati kila mutoto wa huku anajua mahindi inangojea mvua ya mwezi wa 11. Watoto wako likizo, muwape hadisi za Kalulu, ule sungura, mutafute bibi mumoja mwenye anazijua, mumuwekee mikro na mutoke mu stidio. Corona ilipofunga masomo mu 2020, watoto walisomea ku redio, walikuja mpaka ku kibanda changu kukaa chini na ma kaye, na niliona kama mutoto anaweza kusikiliza redio dakika 40 bila kusogea. Kitu chenye kilikuwa kinawashinda ni kuamka wakute somo limepita.

Muziki. Hapa mi niko na wivu kidogo, mutanisamehe. Mwaka 1952 muzungu mumoja, Hugh Tracey, alipita na mashini yake Jadotville, njo Likasi ya leo, akakuta kijana anapiga gitari, akamurekodi, na yule kijana ni Mwenda Jean-Bosco wa Bayeke, mapigo yake ya vidole yakafika mpaka Nairobi na mbali zaidi. Kisha mutaje Edouard Masengo, mutaje Losta Abelo. Hawa waliimba Swahili ya huku, siyo ya kitabu. Leo kijana wa komini ya Kenya ao ya Katuba ukimutajia hayo majina anakuuliza ni ba rue, ni majina ya barabara? Mutupe saa moja na nusu ya hiyo gitari, na mutu wa kueleza katikati, kisha muingize karindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi yenye inapigwa ku vilio na ku vilabu vya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na wapiga karindula wenyewe waje, wako hai, wako hapa. Na kama kuko kanda za zamani mu makabati yenu muzitoe, nawaomba kama fundi: kanda ikikaa mu joto na unyevu ile gundi yake inalegea, siku mutaitia mu mashini itabakiza unga wake ku kichwa na sauti itakuwa imekwenda na hakuna fundi wa kuirudisha, hata mi.

Kuelekea jioni mupira, juu siku nzima bila mupira Lubumbashi itasema si siku. Lakini siyo kusoma matokeo. Mutafute mutu mwenye kinywa. Mwezi wa 12 mwaka 2010 Mazembe ilipoipiga Internacional ya Brezili 2-0 kule Abu Dhabi, wenye televisheni waliona Kidiaba, kipa wetu, anaruka-ruka kwa matako ku majani, dunia yote ikacheka. Sasa fikiri uko na redio tu, mu kiosk, na mutu anapashwa kukueleza kama kipa wa timu yako iko anatembea kwa matako. Kwa Kifaransa hiyo kitu haielezeki, naapa. Kwa Swahili inaelezeka na unaiona. Muite mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo, muwakalishe mbali-mbali, muwape saa moja wabishane, hautahitaji kulipa mutu yeyote, wao njo watataka kuwalipa.

Kisha teatre, na hii njo ningeiweka 19h kamili, saa ya bukari, familia yote ikiwa pamoja. Watu wazima wa huku wanamukumbuka Mufwankolo na kundi lake, namna walikuwa wanachekesha mukoa muzima kwa redio na kwa televisheni, na walikuwa wanachekesha kwa Swahili ya Lubumbashi kabisa, ile yenye watu wa pwani wakiisikia wanashika kichwa. Bibi-arusi mwenye kelele, baba mwenye anarudi na mushahara nusu, mukwe mwenye amekuja kwa siku mbili na iko na miezi minne, shefu mwenye anakula peke yake. Ulikuwa unacheka kisha kesho yake unamuona jirani yako na unamutambua. Mi ningali mutoto, tulikuwa tunajazana kwa mutu mumoja mwenye redio kubwa ya mbao, na wenye walikosa pahali mu nyumba walikuwa wanasimama ku dirisha, na hakuna mutu alikuwa anasema hii Swahili ni mbaya. Siku hizi mutangazaji akipewa mikro anaanza kusema Swahili ya kitabu, anatafuta maneno yenye yeye mwenyewe hatumii akiomba chumvi kwake, na ukimusikiliza vizuri ni Kifaransa kimevaa kanzu. Sisemi tutupe Swahili bora, hapana, jurnali iende na Swahili safi yenye mutu wa Kisangani na wa Uvira na wa Kalemie wataisikia wote. Lakini teatre iende na mudomo wa mutaa, na leo iwe ya Lubumbashi, mwaka kesho ya Bukavu, mwingine ya Bunia, tucheke namna kila mutu anaongea.

Jurnali kubwa 20h, ya huku. Mupite kila mukoa, dakika mbili-mbili. Kivu iko na vita, na huku Lubumbashi kuko watu wengi wenye mama zao ao watoto wao wako kule, hawa hawasikilize jurnali juu ya kujua waziri alipokea nani, wanasikiliza juu ya kusikia jina la kijiji. Mutaje vijiji.

Na usiku musifunge. Naomba sana, musifunge na musiweke muziki wa kujiendesha wenyewe. Niko na mutu mumoja ananileteaka redio kila mara, sentinele ku depo moja, redio yake ndogo inafungwa na mpira wa kinga juu mufuniko wa mapile ulipotea. Aliniambia usiku adui yake si mwizi, ni 2h ya usiku, ile saa macho inakuwa mazito na hakuna hata mbwa wa kubweka. Akisikia mutu anaongea luga yake, hata anaongelea mambo ya viazi, anabaki macho. Akisikia muziki analala. Kuko yeye, kuko ba infirmie (wauguzi), kuko ba shofere wa kamio wamelala chini ya magari yao ku njia ya Kasumbalesa wanangojea asubui. Muwape mutu wa kuongea nao, apokee simu, aseme majina yao.

Miaka mingi hawa watu wa usiku waliongeleshwa na watu wa mbali. London walianza Swahili 1957, Wajerumani 1963, Ufaransa 2010, wote walijua kuko masikio huku. Mwezi wa 3 mwaka 2025 Sauti ya Amerika iliponyamaza kwa amri ya serikali yao, muzee mumoja wa Katuba aliniletea redio yake, Panasonic ya zamani, nzuri, aliitunza mu kitambaa, akasema fundi imekufa. Nikaipima, ilikuwa nzima kabisa. Nikamueleza kama si redio, ni kule ng'ambo njo wamefunga. Hakuniamini. Akaniambia niibadilishe hata spika, atalipa. Nilibaki nazungusha kitufe cha kutafutia polepole toka mwisho mpaka mwisho, yeye ameinama na sikio, na nilikuwa natafuta sauti ya kwetu ya kumuonyesha, nimuambie muzee sikia huyu basi, na ile saa sikupata ya kumupa. Alirudisha redio mu kitambaa akaenda. Nyuma ya hiyo siku njo nilianza kuandika hii barua mu kaye ya hesabu za kazi.

Mutaniambia feza haiko. Najua. Lakini sijaomba jengo wala magari. Kuko stesheni mu mikoa, kuko watu wenye wako na sauti na hawana saa ya kusikilizwa, kuko telefone. Radio Okapi, ile ya Umoja wa Mataifa, toka 2002 iko inapita kwa Kifaransa na kwa zile luga ine zote, ni kusema inawezekana mu hii nchi na hii barabara na huu umeme. Mutaniambia tena, na watu wa Kinshasa siku hiyo watafanya nini, emisio yenu ya 4h30 kwao ni 3h30. Ni kweli, tunaomba musamaha. Ni siku moja.

Kitu kingine kidogo cha ufundi, kisha nawaacha. Efemu haipite milima na haifike mbali, hata mutangazaji akipiga kelele. Mutu wa kijiji, kilomita 100 kutoka hapa, mara nyingi anakamata Zambia, anasikia Bemba vizuri kuliko anatusikia siye. Basi kama ile siku itapita, muipitishe pia ku mawimbi mafupi ao muipe redio za vijiji ziirudishe, na mutangaze frekansi wiki mbili mbele, tena na tena, juu mimi nitakuwa na kazi ya kuiandika ku karatasi na kuibandika nyuma ya kila redio yenye inatoka mu kibanda.

Mukitaka kunijibu musitume barua, haitafika. Mujibu ku redio, asubui, wakati nafungua meza. Nafungua 6h30. Ya huku.

Fundi wa redio, komini ya Kenya, Lubumbashi